Penseli Ukutani

Alama ya kwanza ni mstari mfupi wa penseli uliokingama kwenye ufa, na kando yake pameandikwa 3/3. Juu kidogo, umbali wa kiganja, pana mwingine: 19/3. Halafu 7/4. Wa mwisho uko karibu na dari, nyuma ya pazia linalotenga kitanda na jiko, na ili niuone ilinibidi nipande juu ya mtungi wa maji. Ufa wenyewe umeanzia kwenye kona ya dirisha ukapanda kwa mshazari. Kila unapofika, mwenye chumba huuwekea mpaka na tarehe.

"Huu ni ufa wa mvua," Mama Pacha aliniambia, mikono yake miwili imeushika mtungi nisije nikaanguka. "Kiangazi umelala. Mvua ikianza, nao unaamka."

Mama Pacha ndilo jina ambalo majirani humwitia, kwa ajili ya wasichana wake wawili wa darasa la nne. La kwenye kitambulisho silitaji, wala sitaji ploti yenyewe, yaani jengo hili la kupanga, kwa sababu yeye bado anaishi humo na mwisho wa mwezi ataendelea kulipa.

Nilikuwa nimeshukia Barabara ya Juja saa tatu asubuhi, nikakata kuelekea Kiamaiko, ambako mbuzi kutoka kaskazini huchinjwa tangu alfajiri na harufu ya ngozi mbichi humfuata mtu hadi mbali. Kutoka hapo mtaa wa Huruma huanza bila hodi. Mbingu inakuwa utepe. Ghorofa sita, saba, hata nane zimesimama zikitazamana, na katikati yake kuna kijia ambacho mkokoteni wa maji ukipita, wenye miguu hujibana ukutani. Roshani zimekaribiana kiasi kwamba niliona mama mmoja akimpokeza mwenzake wa ploti ya pili kisu cha kukatia sukumawiki, na wote wawili wameketi. Chini kuna kinyozi, wakala wa M-Pesa, mashine ya kusaga unga, na jiko la chapati. Juu nguo zimeanikwa kila mahali, na nyuma ya nguo hizo taa zinawaka saa nne ya mchana, maana jua halifiki vyumbani.

Mtu wa mbali akisikia habari za nyumba mbovu za Nairobi, huwaza mabati ya Mathare, ng'ambo tu ya hapo. Huruma ni jambo jingine. Mwenye kibarua cha kudumu kidogo, hatua yake ya kwanza ya kuyaacha mabati ni kupanga singo ya ghorofa: chumba kimoja cha mawe, kama mita tatu kwa tatu, choo cha pamoja mwisho wa ukumbi, mlango wa chuma wenye kufuli yako mwenyewe. Mama Pacha anauza mitumba katika soko la Gikomba. Alipohamia hapa aliona amepanda ngazi ya maisha, na nadhani aliona sawa. Analipa shilingi 5,500 kwa mwezi, maji na taka mbali. Siku ya kuingia alitoa kodi ya mwezi na amana ya mwezi mwingine, akapewa risiti yenye muhuri wa ajenti anayekusanya kodi. Mwenye ploti hajawahi kumwona. Hakuna mpangaji niliyeongea naye aliyewahi kumwona. Humwita "Mwenyewe", kama watu wanavyotaja mvua au serikali.

Ngazi za ploti hii hazilingani. Ya tano ni fupi, ya sita ndefu, na anayepanda kwa mara ya kwanza hujikwaa palepale ambapo wageni wote hujikwaa. Hazina kingo za kushikilia. Nyaya za stima zimeshuka ukutani kwa fungu, zimefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, na ghorofa ya pili zimepita juu ya bomba linalovuja. Choo cha ghorofa ya nne kiko juu ya kona ya chumba cha Mama Pacha, na maji yake yamechora darini duara la rangi ya chai. Swichi ya taa iko chini ya duara hilo. Nilipoingia alitaka kuwasha taa. Akachukua mwiko wa kusongea ugali, mkavu, akabonyeza kwa ncha yake. Wasichana wamefunzwa hivyo hivyo. Wakisahau, wanasoma gizani hadi mama arudi, kwa kuwa amewakataza kabisa kugusa swichi kwa kidole.

Niliuliza kama amewaambia wahusika. Alinipa simu yake.

Mazungumzo yake na ofisi ya ajenti yanaanzia mwaka uliopita. Kuna picha ya swichi, picha ya dari, na picha ya ufa iliyopigwa karibu na picha ya ufa iliyopigwa kwa mbali. Kila ujumbe una tiki mbili za buluu. Umesomwa. Katikati ya ujumbe wake umepachikwa ule wa ofisi, mmoja kila mwezi, unaomkumbusha kuwa kodi ilipwe kabla ya tarehe 5. Jibu moja tu ndilo lililomhusu: "Fundi atakuja." Na kweli alikuja, akiwa na ndoo ya saruji na brashi, akapaka juu ya ufa, akapiga rangi, akaenda zake. Alama za penseli za msimu wa kwanza zilizikwa humo. Wiki mbili baadaye ufa ulipasua rangi, na Mama Pacha akaanza kuhesabu upya.

Hapa inafaa niseme kitu kuhusu nyufa, maana wapo wanaodhani wapangaji hupiga kelele kwa kila kitu. Si kila ufa ni wa hatari. Lipu hupasuka ikikauka vibaya, na nyufa zake huwa nyembamba kama unywele na zimetapakaa bila mpango. Ufa unaotoka kwenye kona ya dirisha ukapanda mshazari, ukazidi kupanuka kadiri unavyopanda, una maelezo mengine: mara nyingi upande mmoja wa nyumba unashuka na mwingine umebaki. Wahandisi wenyewe hufanya anachofanya mama huyu. Huweka alama juu ya ufa, au kubandika kipande cha kioo kikingame, kisha husubiri kuona kama kitavunjika. Hakufundishwa na mtu. Alisema alianza kwa sababu kila akimweleza keateka, mtunza ploti, keateka humjibu, "Mama, huo ufa ulikuwapo," naye alitaka kujua kama anadanganywa au anajidanganya.

Mzee mmoja wa chini, fundi wa mawe aliyestaafu kwa maumivu ya mgongo, alinishika mkono akanipeleka nje tuitazame ploti kutoka upande wa mto ulio karibu. "Tazama rangi ya mawe," akasema. Ghorofa nne za chini mawe yamezeeka kwa rangi moja. Tatu za juu ni nyeupe zaidi, na mstari wa kuunganisha unaonekana kama pindo la nguo iliyoongezwa urefu. "Nguzo ni zilezile, mwanangu. Mzigo ndio mwingine." Alinieleza mambo ambayo mtu huyajua kwa viganja: zege lililotiwa maji mengi ili limwagike upesi, mchanga wenye udongo ndani, vyuma vyembamba kuliko vilivyochorwa. Zege hupimwa nguvu zake baada ya siku 28. Yeye ameshapandisha ghorofa nyingine juu ya zege la wiki moja, kwa kuwa tajiri alitaka kodi ianze. Alilisema hilo bila kupunguza sauti. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu, akiutazama mto.

Huruma haihitaji kuambiwa ufa ni nini. Januari 2015 jengo moja lilianguka hapa. Ijumaa usiku, tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, ghorofa sita zikashuka kwa mara moja karibu na ukingo wa mto. Watu wapatao hamsini walikufa. Wakati wa uchunguzi ilijulikana kwamba jengo lile lilikuwa tayari limetiwa alama ya kubomolewa, na watu waliendelea kupangishwa ndani yake. Baada ya saa 80 hivi chini ya kifusi, waokoaji walitoa mtoto mchanga wa kike akiwa hai, amefungwa blanketi ndani ya ndoo. Picha yake ilizunguka dunia. Mama Pacha alikuwa bado hajahamia ploti hii, lakini anakumbuka sauti za vijana waliokuwa wakichimba kwa mikono wakipiga kelele ya kuomba kimya, ili wasikie kama kuna anayegonga chini. "Watu elfu wakanyamaza," alisema. "Huruma yote kimya. Sijawahi kusikia hivyo tena."

Saa saba mchana tulipanda matatu kwenda ofisi ya ajenti. Aliniomba nivae kawaida, nisitoe daftari.

Ofisi iko ghorofa ya kwanza ya jengo zuri lenye vigae. Kuna benchi, kuna dirisha la kioo lenye tundu la kupitishia karatasi, na ukutani kuna nambari ya kulipia kwa M-Pesa iliyochapishwa kwa herufi za ukubwa wa mkono. Chini yake kuna masharti: faini ya kuchelewa, marufuku ya kugonga misumari, notisi ya mwezi mmoja kabla ya kuhama. Nilisoma karatasi yote kuanzia juu hadi chini. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa kusema kukiwa na hitilafu umwone nani.

Msichana wa dirishani alikuwa na adabu. Alimwita Mama Pacha "mum", akaandika malalamiko kwenye kitabu, akasoma nambari ya chumba kwa sauti. Nilichungulia: kurasa zilizotangulia zilikuwa zimejaa. Bomba, kufuli, bomba, choo, ufa, stima, choo. Safu ya mwisho yenye kichwa "Imeshughulikiwa" ilikuwa nyeupe kuanzia juu hadi chini.

"Mhandisi je, anaweza kuja?" Mama Pacha aliuliza.

"Hiyo ni ya Mwenyewe, mum. Sisi tunapeleka ripoti."

"Mlipeleka ya mwezi wa tatu?"

Msichana alitazama nyuma yake, kuelekea mlango uliofungwa. "Tulipeleka." Halafu, kwa sauti ya chini: "Ukiona haikufai, unaweza kutoa notisi." Na sauti ilipungua zaidi: "Hata mimi napanga, mum. Huko Kayole. Najua."

Nilimwamini. Sioni kosa la msichana yule, na ndiyo sababu kitabu kile kiliniuma zaidi ya maneno yake. Ajenti hulipwa fungu la kodi anayokusanya. Kila shilingi inayoingia dirishani ina faida yake kwake, na kila shilingi inayotoka kwenda kwa fundi ni ugomvi na Mwenyewe ambaye kesho anaweza kumpa kazi ajenti mwingine. Mpangaji anapolalamika, analalamika kwa mtu asiye na uwezo wa kuamuru tofali moja lihamishwe. Mwenye uwezo hana anwani. Ofisi imejengwa katikati yao, na maneno yote huishia humo.

Kutoa notisi kunahitaji hesabu. Amana hurudishwa, wanasema, baada ya kukata gharama ya rangi, na katika ukumbi wa ghorofa ya tatu hakuna anayemjua mtu aliyerudishiwa yote. Chumba kingine kinadai kodi na amana mpya kwa siku moja, pamoja na mkokoteni wa kuhamisha vitu. Hizo ni zaidi ya shilingi 12,000 kwa mkupuo. Na Mama Pacha ametembelea ploti tatu za jirani kutafuta. Mbili zina nyufa. Ya tatu imeandikwa kwenye lango kwamba haichukui watoto.

Sheria ipo. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa na usafi wa kiasi. Kuna Baraza la Kodi za Nyumba, lililoundwa chini ya sheria ya tangu 1959, ambako mpangaji anaweza kumshtaki mwenye nyumba asiyekarabati au anayemfukuza kwa mabavu. Lakini sheria hiyo huwalinda wanaolipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Nilimweleza Mama Pacha tukiwa ndani ya matatu. Aliuliza, "Elfu mbili na mia tano, ya wapi?" Nilifikiri sana, nikashindwa kumtajia mtaa. Yeye na 5,500 zake anahesabiwa kuwa mtu wa kujitetea mwenyewe. Hilo linanikasirisha, na sijui kwa nini halimkasirishi kila mbunge wa jiji hili.

Jioni nilikuta kikao juu ya paa, katikati ya matangi ya maji. Hakikuitishwa na mtu. Mama Pacha alimwambia jirani aliyoyaona kwenye kitabu cha ofisi, jirani akamwambia mwingine, na kufikia saa moja tulikuwa watu ishirini hivi, wengine na watoto mgongoni. Ploti ina vyumba 84.

Kijana wa bodaboda alitaka kanjo, maofisa wa kaunti, waitwe asubuhi inayofuata. Ana mtoto wa wiki sita. Alisema kwa haraka, kama mtu aliyejizuia kwa muda: waje wapime, wapige alama ya X nyekundu ya kubomolewa, Mwenyewe ajitokeze.

"X inapigwa ukutani," akajibu mama mmoja aliyekaa juu ya kreti, "lakini anayehama ni wewe." Akakumbusha mwaka 2024, mafuriko ya Aprili yalipofagia kingo za Mathare, kisha serikali ikaamuru walio ndani ya mita 30 za mto waondoke. Tingatinga zilikuja mvua ikingali inanyesha. Watu waliahidiwa shilingi 10,000 za kuanzia maisha. "Mimi nililala na watoto kwenye darasa la shule wiki tatu. Nisikilizeni vizuri: siogopi ukuta kuliko ninyi. Naogopa vyote viwili."

Hakuna aliyemkatiza. Nimeandika kuhusu nyumba miaka mingi na nimewasikia maofisa wengi wakilaumu wapangaji kwa kukataa kuhama kwenye majengo yenye X. Natamani wangekuwa kwenye paa lile. Watu wale walikuwa wanapima hatari mbili kwa uangalifu ambao sijauona ofisini, mmoja akisema, wengine wakisubiri zamu.

Yule mzee fundi ndiye aliyeleta habari ya Kware, Embakasi, Juni 2017. Ghorofa saba, nyufa zilionekana, wakaazi wakaambiwa watoke, wengi wakatoka. Usiku jengo likaanguka. Waliokufa walihesabika kwa vidole, katika jengo ambalo lingeweza kuzika mamia. Tassia, Desemba 2019, ghorofa nyingine ilianguka asubuhi, na watu 10 wakafa. "Tofauti ni masaa," alisema mzee. "Ukuta ulisema kote kuwili. Kware waliusikia."

Wakaanza kujadili la kufanya na masaa hayo. Kuzuia kodi kulikataliwa: ploti ya pili walijaribu, wakarudi kutoka kazini wakakuta kufuli ya ajenti juu ya kufuli zao. Wakakubaliana barua. Moja kwa ajenti, nakala kwa kaunti, nakala kwa chifu, picha za nyufa zote na tarehe zake, sahihi na nambari ya chumba. Msichana wa kidato cha tatu aliandika kwa mwandiko mzuri, taa ya simu ikimmulika. Walipofika mahali pa sahihi, watu walianza kukumbuka sufuria zilizo jikoni. Nilihesabu sahihi 13. Mama wa kreti alishuka hadi ghorofa ya pili, akarudi, akatia yake ikawa ya 14.

Keateka hakuwa kwenye kikao. Anaishi chini ya ngazi, kwenye chumba kisicho na dirisha, kazi yake kufagia, kufungua maji na kupiga simu kwa ajenti mtu akichelewa kulipa. Kwa kazi hiyo halipi kodi. Wapangaji hawampendi sana. Tulipokuwa tukirudi chumbani kwa Mama Pacha nilimwona amesimama chini akitusikiliza tukishuka, tochi mkononi.

Mama Pacha alibonyeza taa kwa mwiko. Wasichana walikuwa wamelala tayari, kitanda kimesogezwa hadi ukuta wa upande wa pili, miguu yao ikigusa jiko la gesi. Mvua ilikuwa imeanza, nyepesi, ikigonga bati la kivuli cha dirisha. Alipanda mtungi, akaishika simu yangu imulike, akanyamaza akitazama.

"Umesogea," alisema. Akatafuta penseli kwenye begi la mmoja wa wasichana, akachora mstari, akaandika tarehe. Kutoka ule wa mwisho hadi huu palikuwa na upana wa kidole changu cha shahada.

Mlango ukagongwa. Alikuwa keateka, viatu mkononi ili asichafue ukumbi uliopigwa deki. Alinisalimia, akamsalimia mama, akakaa kimya kizingitini akiangalia ukuta na namba zake zote.

"Mama," alisema hatimaye, "ile nguzo ya hapo chini kwangu. Ile iliyobanduka ikaonyesha vyuma." Akameza mate. "Hiyo penseli, ukimaliza, naweza kuishika? Unionyeshe unaanzia wapi kuchora."